Nani Mwenye Haki ya Kusema Safari Imekwisha?

Mwezi Julai 1891, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye bara na pwani walimjua kwa jina la Tippu Tip, aliingia Unguja akitokea Kongo. Alikuwa ameondoka Stanley Falls mwaka uliotangulia, akapita Kasongo katika nchi ya Maniema, akavuka ziwa Tanganyika, akaugua njiani, na hatimaye akafika pwani. Hakurudi tena Maniema. Alikaa Shangani, katika nyumba ambayo hadi leo ipo karibu na Africa House, mpaka alipofariki Juni 1905. Kwa mwenye kuhesabu hatua za miguu, safari aliyoianza ujanani ilikwisha pale.

Lakini safari haihesabiwi kwa miguu peke yake. Watu wengi wanapofikiria mwisho wa safari ndefu hufikiria raha: mtu katua mzigo, kaketi barazani, upepo wa bahari unampiga usoni, hana pa kukimbilia. Huo ni utulivu, na utulivu ni hisia. Kabla ya hisia hiyo kuna jambo gumu zaidi, nalo ni mamlaka. Msafiri lazima awe na uwezo wa kusema "basi, sitembei tena", na wale aliowakuta lazima wakubali awe miongoni mwao. Akikosa la kwanza, husukumwa na wengine. Akikosa la pili, anaweza kukaa mahali pamoja maisha yake yote na bado akawa njiani.

Njia ya Kasongo inalionyesha jambo hili kuliko njia nyingi. Karne ya 19 msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Tabora na Ujiji, ukavuka ziwa kwa mashua, ukapanda milima ya magharibi hadi Kabambare katika nchi ya Wabangubangu, ndipo ukateremka Kasongo na Nyangwe kando ya Lualaba. David Livingstone alikwama Kabambare kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871, akiuguza vidonda vya miguu, akiwategemea wafanyabiashara walewale ambao biashara yao aliichukia. Mgonjwa yule alikuwa na watu wachache wa kumhudumia, lakini hakuwa na uwezo wa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Katika msafara mmoja kila mtu alikuwa na mwisho wake. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na mapatano: akitua pembe pwani alidai ujira wake, kisha akarudi kwao akalime. Mfanyabiashara alikuwa na deni. Bidhaa zake, nguo na ushanga na bunduki, alikopeshwa Unguja na matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, na safari yake haikwisha mpaka hesabu ya pembe ifungwe. Mtumwa hakuwa na mapatano wala deni. Mwisho wake ulikuwa mkononi mwa mnunuzi, na mnunuzi huyo alikuwa bado hajulikani. Pembe ya ndovu, iliyopimwa kwa frasila ya kilo 16 hivi, ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa akiisubiri Unguja. Mtoto aliyefungwa kamba nyuma yake hakujua anapelekwa kwa nani.

Mwaka 1795 Immanuel Kant, mwanafalsafa ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika kitabu kidogo juu ya amani ya kudumu. Humo alitofautisha haki mbili. Kila binadamu, alisema, ana haki ya kuzuru nchi ya wenzake bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni duara na watu hawawezi kutawanyika bila kikomo. Haki ya kukaa ni nyingine, nayo yahitaji makubaliano maalumu na wenyeji. Kant aliwalaumu waziwazi wafanyabiashara wa Ulaya ambao kwao kuzuru na kuteka vilikuwa kitu kimoja. Waswahili walikuwa na kanuni ya jambo hilohilo, fupi kuliko ya Kant na yenye kazi ndani yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hugeuka mwenyeji kwa kushika jembe pamoja na waliompokea, akalima ardhi waliyomwonyesha.

Tippu Tip alipita njia nyingine. Katika tawasifu yake anaeleza jinsi alivyoingia Utetera, kwa mtemi mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mtemi yule walitekwa wakapelekwa mbali. Basi akadai kwamba mmoja wao ndiye bibi yake, kwa hiyo yeye ni damu ya nyumba ile. Mzee akaamini, akamkabidhi nchi. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mtu mwenye bunduki nyingi, ambaye angeweza kuteka kwa nguvu, aliona bado anahitaji hadithi ya udugu. Alijua kwamba nguvu humpa mtu mahali pa kusimama, na kwamba ukaazi hutolewa na watu. Alipokosa udugu wa kweli, aliutunga. Kutoka huko alihamia mji wa Kasongo, na tangu katikati ya miaka ya 1870 mji ule ukawa kitovu cha dola yake.

Kitu kilichopatikana kwa udugu wa kubuni hakina mizizi ya kukishika tufani inapokuja. Tippu Tip alipokuwa Unguja, vita kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waswahili wa Maniema viliwaka mwaka 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, mbele ya jeshi la Francis Dhanis. Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyeachwa kutawala, aliuawa vitani mwaka 1893. Kabambare ilitekwa Januari 1894, na Rumaliza, mshirika wa zamani, akakimbilia upande wa Wajerumani. Hata kabla ya hapo Henry Morton Stanley alikuwa amefungua kesi Unguja akimdai fidia kwa kuvunjwa kwa mapatano yao ya 1887, kesi ambayo baadaye iliachwa. Baba aliyeketi Shangani alipokea habari moja baada ya nyingine: mji umekwenda, mtoto amekufa, washirika wametawanyika. Mwili ulikuwa umefika, na mambo yake yalikuwa bado yanatembea kule bara, bila yeye kuweza kuyasimamisha.

Hapo akaandika. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, yalichapishwa kati ya 1902 na 1903 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode, na ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha hii. Si yeye wa kwanza kutafuta mwisho kwenye kalamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliporudi Moroko alisimulia safari zake zikaandikwa na Ibn Juzayy, kazi iliyomalizika 1355. Kuna sababu ya wasafiri wakubwa kuishia kusimulia. Miguu ikishasimama, hadithi humpa mtu mamlaka aliyoyapoteza: anachagua pa kuanzia, anachagua pa kunyamaza. Katika tawasifu ya Tippu Tip bidhaa, mapigano, madeni na masultani yana majina na maelezo mengi. Maelfu waliobeba pembe zile na waliouzwa pamoja nazo wanapita kama idadi. Mwandishi alijimalizia safari yake, na ya kwao akaiacha wazi.

Mmoja wa watu wa Maniema waliofikishwa pwani kwa njia hiyo alikuja kujulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Jina lake rasmi ni Yahya bin Abdallah. Alitoka Maniema akiwa mtoto, akaingia Bagamoyo kama mtumwa katika nyumba ya ukoo wa Lamki. Baadaye alifanya biashara ya samaki, akanunua minazi, akasoma elimu ya dini, akafungua darasa, na akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria. Alifariki mwaka 1931. Wageni kutoka sehemu nyingi za Tanzania wamekuwa wakimiminika Bagamoyo kwa ziara inayofanyika kwa ajili yake.

Mtu huyu hakuwa na ardhi ya kurithi pale pwani, hakuwa na bunduki, wala hakujitungia bibi. Alikuwa na kile ambacho Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyeandika uhamishoni London mwaka 1943, alikiita hitaji kubwa la roho ambalo watu hulisahau: kuota mizizi. Kwa Weil, mtu huota mizizi anaposhiriki kwa vitendo katika maisha ya jamii inayotunza hazina ya jana na matarajio ya kesho. Mwalimu anayefundisha watoto wa wenzake Kurani jioni baada ya jioni, kisha wale nao wakawafundisha watoto wao, ameshiriki kwa namna ambayo mwenye mashamba mengi hawezi kuinunua.

Mtu anaweza kupinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Je, kusema hivi si kuupamba utumwa, kana kwamba kutekwa kulikuwa mlango wa heri? Hapana. Alichojenga Ramiya ni chake. Waliomteka hawana fungu ndani yake. Kwa kila mmoja aliyepata darasa na minazi, wengi walizikwa njiani kati ya Lualaba na bahari bila kaburi la kutajwa. Mfano wake unathibitisha kwamba binadamu anaweza kujitwalia upya mamlaka ya kumaliza safari yake, hata baada ya kunyang'anywa. Hauthibitishi kwamba ilikuwa sawa kumnyang'anya. Na wala hakujitwalia peke yake: walikuwapo watu wa Bagamoyo waliokubali kuketi mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa na kumwita sheikh. Ndiyo ile sehemu ya pili ya mamlaka, inayotoka kwa wenyeji. Dar es Salaam nayo ina alama yake: Msikiti wa Manyema, Kariakoo, unabeba jina la watu waliotoka mbali hivyo.

Upande wa pili wa njia kuna waliobaki bara na hawakuiona pwani kamwe. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwamo katika jeshi la Dhanis, alieleza mji aliouona Kasongo ulipotekwa: maghala yamejaa mpunga na mahindi, na bustani zina michungwa, mapera na makomamanga. Waliolima mashamba yale wengi walikuwa watu wa huko, Wakusu na Wazimba na wengineo, ambao walilazimishwa au walijiunga, wakavaa kanzu, wakasali, wakazungumza Kiswahili na kujiita Waungwana. Mabwana wao walipoondoka, wao walibaki. Wabelgiji wakahamisha kituo, na mji wa zamani ukaachwa kwenye eneo linaloitwa Kasongo Tongoni, ambako wanaakiolojia wamechimba katika miaka ya karibuni wakitafuta alama zake.

Pwani waliyoisikia tu ikaendelea kuota humo. Kasongo ni moja ya vituo vikuu vya Uislamu Kongo. Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Mchele wa Maniema unaliwa kwa sombe iliyotwangwa kinuni na kupikwa kwa mawese, chakula ambacho mtu wa Unguja angekitambua nusu na kukishangaa nusu. Katika miaka ya 1920 Kadiria yenyewe ilipanda hadi huko kutoka upande wa Ujiji, na watawala wa Kibelgiji wakaitazama kwa hofu. Njia iliyoshusha watoto utumwani ilipandisha zikri. Na waliopokea zikri hiyo hawakuwa wageni wa pwani. Walikuwa wenyeji waliochagua kipi cha pwani wakifanye chao.

Leo swali la mamlaka limehamia kwenye ofisi za serikali. Wilaya ya Kabambare imeshuhudia mapigano ya makundi yenye silaha kwa miaka mingi, na familia zimehama kutoka kijiji hadi kijiji. Wakongo wengine wa mashariki walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yao, na sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inawataka wakae ndani ya maeneo yaliyotengwa. Hawajafukuzwa, wamepokewa, wanalishwa. Ila jembe la siku ya tatu halijawafikia.

Inawezekana kulitoa. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972. Kwa miaka zaidi ya 40 walilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakauza mazao, wakasomesha watoto. Cheti hakikuwahamisha hatua moja kutoka kwenye mashamba yao, lakini kilibadili jibu la swali la nani anaweza kuwaondoa. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 sasa ni mtu mzima, pengine ana wanawe. Hajawahi kusafiri, na bado kisheria yuko safarini. Anachohitaji kabla ya amani yoyote ya moyoni ni vitu vya kushikika: karatasi yenye jina lake, kipande cha ardhi au kazi, na ruhusa ya kutoka asubuhi kwenda sokoni Kasulu bila kuomba kibali.