Uso Upi Uwe Wazi?

Watu wengi hudhani kwamba swali la maadili ni lazima liwe kubwa: vita na amani, mali na umaskini, kweli na uongo. Mimi, katika uzee wangu, nimeona kwamba maswali hayo hujificha pia ndani ya vitu vidogo. Kimojawapo ni kile kisanduku kinachotokea kwenye kioo cha kamera ya mfukoni unapokaribia kupiga picha. Kisanduku hicho huonyesha mahali ambapo kamera imelenga ili pawe wazi. Swali langu ni hili: nani achague mahali hapo, kamera au mtu aliyeishika?

Kwanza tuelewane jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Zamani mpiga picha alizungusha lenzi kwa mkono, au alikadiria umbali kwa macho. Mwaka 1977 ilitoka Konica C35 AF, kamera ya kwanza ya kujilenga yenyewe iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya watu wa kawaida. Kamera ndogo nyingi za dijitali zilizofuata miaka mingi baadaye hujilenga kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma kidogo kidogo, huku zikipima tofauti kati ya sehemu nyeupe na sehemu nyeusi za picha. Tofauti hiyo inapofika kileleni, kamera huamua kwamba hapo ndipo pa wazi. Ndiyo maana ukiielekeza kwenye ukuta wa rangi moja huhangaika, lakini ukiielekeza kwenye maandishi ya gazeti hutulia mara moja.

Katika mipangilio yake utakuta hasa njia tatu. Ya kwanza ni kuiachia kamera eneo zima ijichagulie. Nayo kwa kawaida hupenda kilicho karibu au chenye tofauti kali. Ya pili ni kuiagiza itafute nyuso za watu. Ya tatu ni kutumia kisanduku kimoja tu, katikati ya kioo au pale utakapokisogeza mwenyewe.

Sasa, msomaji, mfikirie bibi wa miaka themanini na ushei, ameketi kwenye kigoda katika kihamba chake huko Marangu au Kibosho, asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Kibo. Mbele yake kidogo limeinama jani la mgomba. Nyuma yake, mbali, barafu ya mlimani inang'aa. Uso wake uko kivulini. Ukiiachia kamera eneo zima, yaelekea italichukua jani kwa kuwa liko karibu, au mlima kwa kuwa unang'aa. Haifanyi hivyo kwa ubaya. Haijui tu kwamba wewe umepanda mpaka hapo kwa ajili ya bibi.

Sisi wa huku mlimani tunajua uzito wa jambo hili. Kila Desemba watoto na wajukuu hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na hata Nairobi, na picha hupigwa bila idadi. Hizo ndizo zinazotafutwa siku ya msiba. Nimehudhuria mazishi mengi, na zaidi ya mara moja nimeona kando ya jeneza picha iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, uso umekuzwa mpaka macho hayaonekani. Marehemu alikuwa amepigwa picha mara nyingi, lakini hakuwa amelengwa hata mara moja.

Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniambia, "Babu, si uiache tu ichague yenyewe? Yenyewe haina upendeleo." Nililipenda swali lake, kwa sababu ndilo kosa la fikra tunalolikuta kila mahali. Tunadhani kwamba asiyechagua hapendelei. Kumbe anayekataa kuchagua huwa amekubali kanuni nyingine ichague badala yake, na kanuni hiyo mara nyingi ni hii: aliye karibu na anayeng'aa ndiye aonekane.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikwenda mara nyingi kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Nilikaa dawati la nyuma na mchoro wa viti vya darasa, nikatia alama kila mwanafunzi alipoulizwa swali. Mwisho wa kipindi alama zilikuwa zimejaa safu za mbele, na kwa watoto wachache wanaonyosha mkono kwa nguvu. Pembeni, karibu na dirisha, palikuwa peupe. Nilipomwuliza mwanachuo kama aliwahusisha wote, alijibu kwa moyo safi kwamba ndiyo. Hakudanganya. Jicho lake lilikuwa limejilenga lenyewe. Dawa haikuwa kumwambia awapende watoto wote, maana tayari aliwapenda. Dawa ilikuwa kumtaka aamue kabla ya kuingia darasani: leo nitamwuliza nani?

Historia nayo ina eneo lake la kulenga. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo, na majina yao yako vitabuni. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki katika kambi yao ya juu, kwenye baridi kali, akawatunzia kambi hiyo. Wangapi miongoni mwetu wanamjua? Barafu iling'aa mno nyuma yake.

Mtu atasema: basi tumia njia ya kutafuta nyuso, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba njia hiyo ni msaada mkubwa, hasa kwa sisi ambao macho yamechoka na mikono inatetemeka. Lakini nayo imefundishwa na watu. Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, aliona programu ya kutambua nyuso ikishindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walichapisha uchunguzi wa programu tatu za biashara za kubainisha kama uso ni wa mwanamke au mwanamume. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Huo haukuwa uchunguzi wa kamera za mfukoni, lakini fundisho lake linatuhusu: mashine huwaona vizuri wale iliowazoea. Mwalimu hawezi kushangaa.

Kuna pingamizi jingine, nalo ni zito zaidi. Ukimchagua mmoja, je, hukuwadhulumu wengine? Hapa kamera yenyewe inatufundisha. Lenzi hailengi mtu, hulenga umbali. Wote walio katika umbali ule ule huwa wazi pamoja na yule uliyemchagua. Basi ukipiga picha ya ukoo, wapange wazee bega kwa bega katika mstari mmoja, kisha lenga uso wa mmoja wao. Hapo kuchagua kwako hakumwumizi mwenzake. Dhuluma iko katika kuwaweka wengine nyuma sana, kisha kusema kamera ndiyo iliyowafifisha. Na pale ambapo haiwezekani kuwaweka wote mstari mmoja, piga picha ya pili na ya tatu. Haki kwa binadamu, ambaye hawezi kutazama pote kwa mara moja, ni zamu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwa kundi, tumia njia ya nyuso, lakini hesabu visanduku uone nani amerukwa. Kwa mtu mmoja, chagua kisanduku kimoja. Kiweke juu ya jicho lake lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu, ngoja kamera itulie, kisha panga picha yako bila kusogea mbele wala nyuma, ndipo ubonyeze mpaka mwisho. Usiridhike kwa sababu kisanduku kimegeuka kijani. Rangi hiyo husema tu kwamba mashine imepata kitu cha kushika. Ikuze picha pale pale uyatazame macho. Kama kope hazionekani, mwombe mzee radhi, urudie. Atangoja. Wazee wetu wamengoja mambo makubwa kuliko hilo.

Na Desemba ijayo, kabla hamjajipanga kwa picha ya ukoo mzima, mpigieni kwanza kila mzee picha yake peke yake, kisha andikeni jina lake.