Kuchoka Si Kosa, Kosa ni Kuitupa Amana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba bahari na vyote viishivyo ndani yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu mmoja miongoni mwa wanaohudhuria darasa letu la baada ya Magharibi, hapa Mombasa, alituletea swali ambalo mwanzoni liliwachekesha baadhi ya waliokuwapo. Bwana huyu ana hodhi ya vioo nyumbani kwake, ya lita mia nne, ambamo kwa muda wa miaka saba amefuga samaki wa mwambani pamoja na matumbawe hai. Alisema: "Maalim, moyo wangu umekatika. Zamani nikirudi kazini nalikuwa nikiketi mbele ya hodhi ile hata kabla sijavua viatu. Leo napita mbele yake kama nipitaye mbele ya ukuta. Maji nayabadilisha kwa kunung'unika, na wiki nyingine siyabadilishi. Nataka kupumzika mwaka mmoja. Je, nina dhambi? Na je, mimi ni katika wale waanzao jambo wasilimalize?"

Waliocheka walidhani hili ni swali la mchezo. Sisi twaona ni swali la dini khasa, maana ndani yake mna roho zisizoweza kusema, na mna mtu anayeogopa kuulizwa juu yake. Wala si yeye peke yake. Wangapi wamefuga njiwa, au paka, au mbuzi, kisha mapenzi yakapoa na mnyama akabaki? Basi tumeona tuliandike jibu lake ili wenye haja nalo walisome.

Jambo la kwanza ni kwamba kuchoka ni tabia ya mwanadamu, wala si dhambi. Imepokewa na Imam Ahmad, kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila tendo lina wakati wake wa bidii na shauku, na kila shauku ina wakati wake wa kulegea, na aliyeongoka ni yule ambaye kulegea kwake hakumtoi katika mwendo wa Mtume. Tazameni, ndugu zangu, hikima ya maneno haya. Hakusema kwamba mtu mwema halegei. Amesema kila shauku ina kulegea kwake, na kwamba mtihani umo humo: utakuwa mtu gani utakapolegea?

Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini, akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zainab, akichoka katika sala huishika. Mtume akaamrisha ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu asali akiwa na uchangamfu, na akichoka aketi. Ikiwa kamba imefunguliwa katika sala za khiari, ambazo ni ibada tupu, seuze katika hodhi ya samaki, ambayo ni pumbao la halali? Basi ndugu yetu asijifunge kamba asiyofungwa na Mola wake. Mapenzi ya kitu cha mubaha yakiisha, yameisha, wala hana deni la kuyalazimisha yarudi.

Jambo la pili ndilo zito. Bibi Zainab akiketi, hapana kiumbe anayekufa. Ama mwenye hodhi akiketi, hali si hiyo.

Fikirini kazi aliyojitwika mtu huyu. Samaki na matumbawe ya mwambani huishi katika maji ambayo Mwenyezi Mungu huyafanya yajae na kupwa mara mbili kila siku, akayaondoa machafu na kuleta mapya pasina mtu kuinua mkono. Mwenye kuwatia katika vioo amejichukulia yeye kazi ya maji kujaa na maji kupwa. Chumvi ya maji yale yapasa iwe kadiri ya gramu 35 kwa kila lita, na joto baina ya digrii 25 na 27. Maji yakikauka kwa joto, huondoka maji matamu na chumvi ikabaki, kwa hivyo ukali wake huzidi kila siku, na mfugaji hana budi kuongeza maji matamu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hugeuka sumu iitwayo amonia, na hapana kinachowaokoa ila bakteria waishio katika mawe na mchanga, ambao huigeuza sumu ile ikawa nyepesi zaidi. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea katika hodhi mpya, na mtu akiyakausha mawe kwa uvivu huwaua kwa siku moja. Matumbawe nayo hufyonza chokaa iliyo majini ili kujijengea mifupa, ile ile mifupa ambayo wazee wetu waliichimba wakajengea nyumba za mji wa kale. Isiporudishwa chokaa, hayakui. Umeme ukikatika, pampu husimama, na hewa iliyomo majini huanza kupungua saa ile ile.

Basi mtu hawezi kusema, "Napumzika," akaiacha hodhi ijiendeshe. Mwambani riziki ya viumbe hawa huwajia bila ya mkono wa mtu. Ndani ya vioo, njia ya riziki yao ni mkono wako wewe. Na samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto humpenda, aweza kuishi zaidi ya miaka 20 akitunzwa vyema. Shauku yetu haina umri huo.

Twajua sote khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhi. Mara nyingi tukiisoma khabari hii humfikiria mwanamke katili, mwenye kumchukia paka yule. Lakini katika khabari hii hatukuambiwa kwamba alimchukia. Huenda siku ya kwanza alimpenda, akampapasa, kisha akashughulika na mengine. Kosa lililotajwa si kukosa mapenzi. Kosa ni kwamba mlango ulikuwa mkononi mwake, naye hakufanya moja katika mawili: hakulisha wala hakufungua.

Nami mwandishi wa maneno haya sina haki ya kumnyoshea mtu kidole. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na mbili nalikuwa na tetere katika tundu, nikimpenda mno. Baadaye nikapenda mpira. Tukaenda arusini Malindi siku tatu, wala sikumwambia mtu kuhusu yule ndege, kwa sababu sikumkumbuka. Niliporudi nilimkuta chini ya tundu, na kikombe chake cha maji kikavu. Marehemu mama hakunipiga. Alinipa kikombe kile nikioshe, nikakiosha. Twasoma kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimchezesha Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kidege chake, na katika baadhi ya mapokezi kidege kile kilikufa na Mtume akamliwaza mtoto. Kwa hivyo kufuga kwa wema kumeruhusiwa. Mimi kila niisomapo hadithi ile hukumbuka kwamba mtoto yule alihuzunika kwa kidege alichokitunza. Mimi nilihuzunika kwa niliyemsahau, na huzuni hizi mbili si sawa.

Turudi kwa ndugu yetu. Tulimuuliza: "Una samaki wangapi?" Akajibu bila kufikiri: "Kumi na wawili." Tukamwambia aende akawahesabu, kisha aje Alhamisi. Alipokuja uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema: "Ni tisa, maalim. Watatu sijui walikufa lini." Siku hiyo hapana aliyecheka.

Tukamuuliza tena moyo wake ulianza kupoa lini. Akasema ni tangu alipoanza kupelekeana picha na wafugaji wenziwe, kila mmoja akionyesha tumbawe lisilopatikana kwa mwenzake, mpaka akanunua moja kwa nusu ya mshahara wa mwezi, na akawa anatazama vipimo vya maji kuliko anavyotazama samaki. Hii, ndugu zangu, ndiyo maradhi ya kushindana kwa wingi, ambayo sura nzima ya Qur'ani imeteremshwa kuyakemea. Mtu huanza kwa kustaajabu kazi ya Mola wake, kisha huwataka watu waistaajabu kazi yake yeye. Ajabu ya kwanza haichoshi; hiyo ya pili huchosha upesi, maana daima yuko aliye na hodhi kubwa zaidi. Basi yampasa kila aliyepoteza hamu ajiulize: Je, nimechoka na viumbe hawa, au nimechoka na mashindano? Ikiwa ni mashindano, ayaache hayo, na huenda akaona kwamba moyo wake haukufa.

Na akiona kweli amechoka, njia za halali ni hizi.

Akitaka kubaki na kidogo, apunguze. Asinunue kiumbe kipya, na akifa mmoja asimbadilishe kwa mwingine. Matumbawe yenye kutaka kazi nyingi ampe mwingine, abaki na samaki wachache anaoweza kuwahudumia hata siku ya uvivu wake. Amali ndogo inayodumu ndiyo ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu, kama ilivyothibiti katika hadithi.

Akitaka kupumzika kabisa, akabidhi kabla ya kupumzika, wala asipumzike kwanza kisha atafute wa kumkabidhi. Amtafute mtu mwenye hodhi iliyokwisha kukomaa. Asimpe anayetaka kuanza kesho. Akiuza, thamani yake ni halali, lakini aseme kweli: ikiwa kuna ugonjwa majini au samaki mmoja ni mgomvi, mnunuzi aambiwe, maana baraka ya biashara imo katika kubainisha aibu ya kitu. Siku ya kuwahamisha asifanye haraka. Awazoeshe joto la maji mapya na chumvi yake kidogo kidogo, na mawe yachukuliwe yakiwa majini. Na mpaka siku hiyo ifike, awatunze kama alivyokuwa akiwatunza siku ya kwanza. Huu ndio wakati wa kulegea ambao mtu hupimwa ndani yake.

Hapo kijana mmoja aliuliza: "Bahari si iko karibu? Kwa nini asiwamwage tu huko? Mtume (S.A.W.) hakuamrisha vifaranga virudishwe kwa mama yao?" Ni kweli. Ibn Mas'ud (R.A.) amesimulia, na Abu Daud amepokea, kwamba sahaba walichukua vifaranga viwili vya ndege, mama yao akaja akipapatika, na Mtume akaamrisha virudishwe. Lakini vile vilirudishwa kwenye kiota kile kile vilikotolewa, na saa ile ile. Samaki wa hodhi wengine wameletwa kwa ndege kutoka bahari za mbali, na walioishi miaka ndani ya vioo huweza kubeba maradhi. Uko mfano uliotokana na bahari yetu hii. Yuko samaki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki mwenye mistari myekundu, mapezi yaliyotanda kama manyoya na miiba ya sumu. Mwaka 1985 alionekana katika pwani ya Florida huko Marekani, na wataalamu waona kwamba asili yake huko ni samaki walioachiliwa na wafugaji. Leo ameenea katika Karibi na Ghuba ya Meksiko, akila vijana vya samaki wa huko, na wa kumzuia ni wachache. Huenda aliyemmwaga alidhani anamhurumia. Huruma isiyo na ilimu yaweza kuwa dhulma kwa umma mwingine wa viumbe, na Qur'ani imetuambia kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi.

Na mwenye kukosa hodhi hakukosa bahari. Miamba ya Malindi na Watamu imehifadhiwa tangu mwaka 1968, na ya Mombasa tangu mwaka 1986. Mwaka 1998 joto la maji liliyapausha matumbawe ya pwani yetu na mengi yakafa. Yaliyosalia na yaliyoota baadaye yako pale kwa wenye kutazama. Ndugu yetu na apande mashua siku moja, atazame bila kipimo mkononi. Atawaona wale wale aliowafuga, wakiruzukiwa na Aliyewaumba, naye hana kazi yoyote juu yao ila kusema Subhanallah.

Amesema atakabidhi. Amempata mtu, na ameomba muda wa mwezi mmoja. Tumemwambia kila Alhamisi aje na hesabu: tisa, tisa, tisa, mpaka siku ya kukabidhi.

Nasi sote tuihesabu kila amana tuliyoipokea siku ya shauku: mnyama, mwanafunzi, mzee aliye nyumbani. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe waliokufa mikononi mwetu pasina sisi kujua, na atujaalie kulegea kwetu kusimdhuru mwingine. Amin.