Daruri, Haja na Pambo

Mgeni anayejiunga na klabu yetu ya jogging hapa Magomeni huja na swali moja kabla hajakimbia hata hatua: ninunue nini? Wenzangu humtajia viatu na maduka. Mimi humuuliza kwanza anakimbia alfajiri au jioni, ana maradhi gani, anapita barabara ipi na nyumbani kwake wanategemea nini. Namchukua vipimo kama ninavyomchukua mteja kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kujua kinachomtosha binadamu ni jambo kubwa kuliko duka lolote la viatu, na mbio ndefu zina namna yake ya kulifunza. Ukiwa barabarani, kila ulichokibeba unakihisi mwilini, na kila ulichokisahau mwili unakidai.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, madera na nguo za shughuli, na nimekuwa nikikimbia tangu mwanangu wa mwisho alipoanza shule. Mizani ninayolipimia swali hili niliipata msikitini, kwenye darsa ya akina mama, siku mwalimu wetu alipotufundisha daraja tatu za maslahi ya binadamu. Walioanza kuzipanga ni al-Juwayni na mwanafunzi wake al-Ghazali, na katika karne ya 14 al-Shatibi wa Granada akazifafanua kwa kina. Daraja ya kwanza ni daruri: mambo ambayo yakikosekana maisha yenyewe yanavurugika, nayo ni kulindwa kwa dini, uhai, akili, kizazi na mali. Ya pili ni haja: ikikosekana mtu anaishi, lakini kwa dhiki. Ya tatu ni pambo, linaloyapa maisha uzuri na adabu. Wanazuoni hawa hawakulilaani pambo. Walilipa nafasi yake, wakasema tu lisije likaziangusha daraja zilizo juu yake.

Nilipotoka kwenye darsa ile nilikwenda kuvitazama vitu vyangu vya mbio kwa jicho jipya. Nikaona kwamba daraja ya kitu haitoki kwenye bei yake, wala kwenye ufundi wake, wala kwenye jina la aliyekitengeneza. Inatoka kwenye kile kinacholindwa.

Naanza na uhai. Mimi hutoka baada ya swala ya Alfajiri, giza halijaisha, nikifuata Barabara ya Kawawa kuelekea Kinondoni, na siku za safari ndefu nafika hadi Daraja la Tanzanite. Saa ile daladala zinawahi abiria na bodaboda zinapita popote penye upenyo. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi pembezoni mwa barabara haonekani mpaka chombo kiwe kimeshamfikia. Ndiyo maana kifaa changu cha kwanza ni utepe wa kuakisi mwanga, ule wa vizibao vya mafundi wa barabara. Nimeushona mgongoni, kwenye mikono na kwenye pindo la chini. Ni kitu cha bei ndogo sana, na hakuna anayekisifia mtandaoni. Lakini ndicho kinachonirudisha nyumbani kwa wanangu, kwa hiyo kwangu ni daruri. Kando yake naweka kikadi chenye jina langu, namba ya mume wangu na maelezo ya afya yangu, kimefungwa kwenye plastiki ndani ya kibegi cha kiunoni.

Maji nayo ni daruri, hasa kwa joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, ambako jasho linatiririka bila kukauka. Hata hivyo daruri nayo ina mpaka. Mwaka 2005 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002. Asilimia 13 kati yao sodiamu ilikuwa imepungua katika damu kuliko inavyotakiwa, na walioonekana kuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza, kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Habari hiyo inanifundisha jambo ambalo dini yangu inalisisitiza kila mahali: israfu haikomei kwenye anasa. Mtu anaweza kufanya israfu hata katika kile kinachomweka hai. Ninakunywa ninapopata kiu, na kwenye safari ndefu natia chumvi kidogo na sukari.

Sasa viatu. Wapo katika klabu yetu wanaosema kwamba Mwafrika wa kweli anakimbia peku, viatu ni biashara ya Wazungu, na humtaja Abebe Bikila. Ni kweli kwamba mwaka 1960 mjini Rome, Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki bila viatu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Lakini mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi ya dunia tena, tena wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidoletumbo. Bikila hakukimbia peku Rome ili atoe hoja. Viatu alivyovipata kule havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikuwa imezoea mazoezi ya peku. Siku ile kilichomlinda kilikuwa ngozi yake. Tokyo kilichomlinda kilikuwa viatu. Mtu ni yule yule na lengo ni lile lile. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia.

Kwa hiyo mimi sioni utukufu katika kukosa viatu, wala katika kuwa navyo. Barabara zetu zina vigae vya chupa, misumari na lami inayochoma, na kwa mwenye kukimbia kila wiki kiatu ni haja iliyo karibu kabisa na daruri. Wengi wetu tunanunua raba za mitumba pale Karume, na hakuna aibu katika hilo. Kinachotakiwa ni kukagua. Geuza kiatu uone kisigino kimelika upande gani. Kikunje uone kama kinakunjika kwenye vidole, na siyo katikati. Kivae jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uhakikishe mbele ya kidole kirefu pamebaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kiatu kinachobana ni adui hata kingekuwa kipya. Kucha zinageuka nyeusi, malengelenge yanapasuka, na kesho hukimbii.

Katika nguo ndipo ufundi wangu ulipokutana na falsafa. Fulana ya pamba inakunywa jasho na kubaki nalo, inakuwa nzito na mbichi, na mshono wake unachuna kwapa na mapaja. Kitambaa cha jezi chenye matundu madogo kinapitisha hewa. Mshono unaoelekea ngozini uwe bapa, na palipo na msuguano papakwe mafuta ya mgando. Hayo yote ni haja: bila hayo utamaliza, lakini utaoga ukilia.

Kuna kifaa kimoja ambacho historia yake inanigusa kuliko vyote. Boston Marathon ilianza mwaka 1897, na wanawake hawakukubaliwa rasmi hadi mwaka 1972. Mwaka 1977, katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, Lisa Lindahl alikuwa amechoka kukimbia huku kifua kikimuuma. Rafiki yake wa utotoni, Polly Smith, alikuwa fundi wa kushona mavazi ya michezo ya kuigiza. Pamoja na Hinda Miller walichukua nguo mbili za ndani ambazo wanamichezo wanaume hujihifadhia sehemu zao za siri, wakaziunganisha, na hapo ikazaliwa sidiria ya michezo. Tangu Boston ya kwanza ilikuwa imepita miaka 80. Kwa miaka yote hiyo wanaume waliipanga orodha ya vifaa vya lazima kwa kuitazama miili yao, na wakaiita orodha ya mkimbiaji.

Hapa ndipo ninapoisimamisha hoja yangu. Orodha ya vitu vya lazima si orodha ya vitu tu. Inatuonyesha ni nani tuliyemkumbuka tulipokuwa tunaiandika. Aliyesahauliwa atajikuta haja yake inaitwa pambo, na akiidai ataambiwa anadeka. Maumivu ya Lindahl yalikuwa ya kweli kabla sidiria ile haijashonwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyahesabu, na aliyeyahesabu alikuwa fundi cherehani. Nafurahi kwa ajili ya kazi yangu kila ninapolikumbuka hilo.

Ndivyo ilivyo kwa hijabu yangu ya mbio. Nimeikata fupi mabegani, kitambaa chepesi, haina pini, inakaa hata upepo wa baharini ukivuma. Jirani yangu, ambaye tunakimbia naye kila Jumapili kabla hajaenda misani, akiniona nimejifunika kwenye joto huona nimebeba mzigo usio wa lazima. Kwangu mimi bila hiyo sivuki mlango, kwa sababu inalinda stara yangu, na stara ni sehemu ya dini yangu. Mwaka 2012 mjini London, Sarah Attar, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuiwakilisha Saudi Arabia katika Olimpiki, alikimbia mita 800 akiwa amejifunika, na mwaka 2016 akakimbia marathoni mjini Rio. Na kwa wanaouliza kama inafaa mwanamke wa Kiislamu kukimbia, Abu Dawud amepokea hadithi ya Bi Aisha kushindana mbio na Mtume mwenyewe, safari moja bibi akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Nyumba iliyokuwa na mashindano hayo ndiyo kigezo changu.

Nabaki na pambo. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, baada ya kilomita 42 zilizoamuliwa kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa mtu ambaye riziki yake iko ndani ya sehemu hizo tatu, gramu chache za kiatu ni haja ya kweli. Mwaka 2023 Adidas walitoa kiatu cha gramu 138 kwa dola 500, na Tigst Assefa akavunja rekodi ya dunia ya wanawake mjini Berlin akiwa nacho. Kiatu hicho hicho kikivaliwa na mimi kuvuka Daraja la Tanzanite ni pambo, kwa kuwa hakilindi chochote nilichonacho. Mwaka 2020 World Athletics waliweka kanuni kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40 na iwe na bamba gumu moja tu. Nami naiona kanuni hiyo kama jibu kwa swali la zamani: chombo kimsaidie mtu mpaka wapi kabla hakijachukua nafasi yake?

Hata hivyo sikubaliani na wenye kulidharau pambo. Kwenye ukingo wa hijabu yangu nimepitisha uzi wa zambarau ambao haulindi kitu. Naupenda, na asubuhi mwili ukiwa mzito huwa unanisaidia kutoka. Katika klabu yetu kuna mama muuza maandazi aliyejiwekea akiba akanunua kamba za viatu za rangi ya waridi, na siku hiyo alikimbia uso ukiwa umechangamka. Anayemhukumu mama huyo hajaelewa daraja ya tatu iliwekwa kwa nini. Pambo linaharibika pale linapojipandisha cheo. Tangazo likimshawishi kijana kwamba bila saa ya kuhesabu mapigo ya moyo yeye si mkimbiaji, akainunua kwa kodi ya nyumba, hapo pambo limekwisha kuiangusha daruri.

Na liko jambo moja ambalo daraja hizi zinanidai kila ninapolifungua kabati. Jirani yangu yule wa misa alinisimulia mahubiri ya Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria wa karne ya 4, aliyewaambia matajiri wa mji wake kwamba viatu vinavyoozea ndani ni mali ya asiye na viatu. Dini yangu nayo inanifundisha kwamba sadaka hutolewa katika kile ukipendacho, na kwamba kumpa mwingine kitu ambacho wewe mwenyewe ungekikataa si wema. Basi raba iliyokwisha soli haitoki kwangu kwenda kwa mtu. Inayotoka ni ile nzima, ile inayonisumbua kuitoa.

Wapo wasichana Magomeni wanaotufuata Jumapili kwa kandambili mpaka kona ya kwanza, halafu wanarudi. Wanazo pumzi, wana hamu, na mama zao wamewaruhusu. Wanakosa kiatu, sidiria na fulana isiyowaanika, vitu ambavyo wengi wetu tunavyo kwa ziada. Kilichokuwa pambo kabatini kwangu, mguuni kwa mmoja wao ni haja. Kitu hakijabadilika, bali kimefika kwa mwenye kukihitaji. Nikiendelea kukiweka nikijua hivyo, siwezi kusema kwamba nimejifunza tofauti ya daruri na pambo. Nitakuwa nimeikariri tu, na siku ya hisabu sitaulizwa nilichokikariri.