Dozi nusu: Dhambi ya nani, dhamana ya nani?

Mtu anaumwa homa. Anakwenda duka la dawa, ananunua dawa ya mseto ya malaria. Ni vidonge 24 vya mtu mzima, vinavyotakiwa kumezwa kwa siku tatu, vinne vinne. Siku ya pili homa imeshuka, kichwa kimetulia, anakwenda kazini. Vidonge 12 vilivyobaki anaviweka kabatini vimsaidie siku nyingine, au anampa jirani ambaye mwili wake nao umeanza kuchemka. Ukimuuliza atakujibu bila wasiwasi: dawa nimenunua kwa fedha yangu, mwili ni wangu, na nimepona. Kosa langu liko wapi?

Ndugu msomaji, swali hili linaonekana jepesi, lakini ni gumu kweli kweli. Mwizi ana mtu aliyemwibia. Msengenyaji ana mtu aliyemsengenya. Huyu aliyeacha dozi njiani hana mtu anayeweza kusimama mbele ya kadhi akasema, “Huyu ndiye aliyenidhuru.” Je, dhulma ambayo aliyedhulumiwa haonekani inabaki kuwa dhulma?

Ili tujibu, kwanza tujue dawa inakufaje. Mgonjwa wa malaria anaweza kuwa na vimelea mabilioni katika damu yake. Katika kuzaliana kwao, hutokea kwa nadra sana kimelea chenye mabadiliko madogo ya maumbile yanayokiwezesha kuhimili dawa. Dawa haikiumbi kimelea hicho, bali inakichagua. Wenzake wanakufa, chenyewe kinabaki na nafasi yote ya kuzaliana. Mbu akija, anakichukua na kukipeleka nyumba ya pili. Huo ndio usugu.

Dawa ya mseto imetengenezwa kwa hesabu hiyo. Sehemu yake ya kwanza, inayotokana na artemisinini, hupiga kwa nguvu na haraka, lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Sehemu ya pili hubaki kwa siku kadhaa kumalizia masalia. Homa hushuka kwa kazi ya ile ya kwanza. Anayeacha siku ya pili kwa sababu amepata nafuu, ameacha kabla masalia hayajamalizwa, na masalia ndiyo yenye hatari.

Hizi si nadharia za vitabuni. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu iliyowawasha watu mwili mzima kiasi kwamba wengi waliimeza pungufu. Usugu dhidi yake ulijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia, na pia Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaonekana Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba ulikuja kubainisha kuwa usugu ulioenea Afrika ulikuwa na asili ya Asia. Nchini Senegal, watafiti waliokuwa wakifuatilia jamii za maeneo matatu walikuta kwamba baada ya usugu huo kuingia, vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka mara mbili au zaidi katika maeneo yote matatu. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP, nayo SP haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu.

Sasa tazama. Mtoto aliyezikwa katika kijiji cha Senegal hakumjua yeyote wa mpaka wa Kambodia, wala wa huko hawakumjua yeye. Lakini kuna uzi unaowaunganisha. Nguvu ya dawa, kwa hiyo, si mali ya aliyenunua kidonge. Kidonge ni chake, lakini nguvu iliyomo ni kama kisima cha mtaa: anachota leo, na kesho atakuja mwingine na ndoo yake. Nguvu hiyo ni amana baina ya wagonjwa wa leo na wa kesho. Anayesema “dawa ni yangu” amechanganya ndoo na kisima.

Hapo wapo watakaofurahi na kukimbilia mimbari kuwakaripia wagonjwa. Wasubiri kidogo.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: “Ustadhi, mama ana watoto wawili wanaoumwa na fedha ya dozi moja. Akiigawa, amefanya dhambi?” Darasa lilikaa kimya, na swali lile ni zito kuliko hotuba nyingi. Ukimwambia ampe mmoja dozi kamili, umemwambia achague mtoto wa kumwacha. Ni nani kati yetu mwenye ubavu wa kumwita mama huyo mkosaji?

Hapa ndipo elimu ya fiqhi inapotusaidia, kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyafunga pamoja: dhambi na dhamana. Mtu aliyelala akigeuka na kuvunja chungu cha mwenzake, hana dhambi, kwa kuwa hakukusudia. Lakini chungu kimevunjika, na mwenye chungu ana haki ya kulipwa. Kukosekana kwa dhambi hakuondoi hasara, na hasara haiachwi imlalie aliyeonewa. Tena fiqhi inakwenda mbali zaidi. Mtu akiua kwa bahati mbaya, mzigo wa diya haubebeshwi yeye peke yake, bali huwaangukia jamaa zake, wanaoitwa aaqila. Hao hawakuua. Wanabeba kwa sababu madhara ni makubwa kuliko mabega ya mmoja.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mama aliyegawa dozi hana dhambi. Lakini madhara yapo, vimelea havijui umaskini wala nia. Basi dhamana ni ya nani? Ni yetu, sisi tuliomwacha afike dukani na fedha ya dozi moja.

Wala tusisahau kwamba usugu haukuletwa na wagonjwa peke yao. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakuu wa afya katika baadhi ya nchi, Brazil ikiwemo, walichanganya klorokwini kwenye chumvi ya kupikia ili kila mtu apate kinga. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba watu wengi walitembea na dawa kidogo kidogo damuni, hali inayofaa sana kuchagua vimelea sugu. Kwa miaka mingi pia viwanda viliuza vidonge vya artemisinini bila dawa mwenza, hata Shirika la Afya Duniani likavitaka viache mwaka 2006. Na hospitalini je? Utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa, kati ya waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea kwenye kipimo. Waliobaki walitumia dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na ugonjwa waliokuwa nao ukaendelea.

Je, haki iko wapi, tukimkaripia anayebakiza vidonge 12, tukamwachia anayeuza bila kupima na anayenunua shehena isiyo na ubora? Dhambi hupimwa kwa elimu na uwezo. Muuzaji anayejua kwamba dozi ni siku tatu, kisha akakata vidonge vinne ili asimpoteze mteja, huyo hana kisingizio cha yule mama. Mgonjwa mwenye uwezo, aliyesoma maelekezo akaacha kwa uvivu, naye hana.

Jambo hili lina haraka. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009 ilithibitika kwamba magharibi mwa Kambodia vimelea vilianza kuchelewa kufa kwa artemisinini. Tukasema ni mbali. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwepo kwa vimelea vyenye mabadiliko ya aina hiyo Rwanda, na mwaka 2021 wakaeleza habari za kaskazini mwa Uganda. Safari hii havikuletwa kutoka Asia, vimezaliwa hapa hapa. Kisha ikafuata Kagera, na Shirika la Afya Duniani limeitaja Tanzania pamoja na Eritrea, Rwanda na Uganda kuwa nchi ambazo usugu huo wa sehemu umethibitishwa. Unaitwa wa sehemu kwa kuwa dawa mwenza bado inamalizia kazi, na mgonjwa anayemeza dozi kamili kwa kawaida anapona. Asiache mtu dawa kwa kusoma makala hii. Lakini mlango mmoja ukilegea, wa pili unabeba uzito wote. Mwaka 2023 peke yake malaria iliua watu wanaokadiriwa kufikia 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wenye umri chini ya miaka mitano. Hiyo ndiyo idadi wakati dawa ingali inafanya kazi.

Je, kujizuia kunafaa kitu? Ushahidi upo Malawi. Nchi hiyo iliiondoa klorokwini katika matibabu mwaka 1993. Vimelea sugu, vilipokosa dawa ya kuvipendelea, vikapungua mpaka vikazidiwa na vile vya kawaida. Utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta klorokwini inatibu kwa asilimia 99. Kisima kilichokauka kilijaa tena, kwa sababu watu wa taifa zima waliacha kuchota. Mmoja mmoja wasingeweza.

Basi tufanye kazi ya aaqila. Homa ipimwe kabla ya dawa. Kipimo cha haraka ni tone la damu na dakika zisizozidi ishirini. Misikiti yenye zahanati ihakikishe hakuna anayeondoka na dozi pungufu kwa kukosa fedha. Sadaka ya Ijumaa ina matumizi gani bora kuliko hayo? Wanaomiliki maduka ya dawa, na wengi ni waumini wenzetu wa safu ya mbele, wakatae kukata dozi hata mteja akiondoka kwa hasira. Serikali nayo idaiwe ubora wa dawa inazoruhusu ziingie. Na wewe uliye na vidonge 12 kabatini, safari nyingine vimalize. Hata ukijisikia mzima, yupo mtu usiyemjua ambaye bado anavihitaji vifanye kazi.