JE, YAFAA KUNYAMAZA UUZAPO NYUMBA?



Mwezi huu twataka kulitafakari swali moja la zamani sana, ambalo limerudi kwa nguvu mpya katika siku zetu. Swali ndilo hili: Mtu anayeuza nyumba au kiwanja, naye ajua jambo ambalo mnunuzi kama angalilijua asingalinunua, je, imempasa kulisema? Au yatosha kwamba hakusema uongo? Wengi wenu, hasa walimu na wazee wa sharika, huitwa kushuhudia hati za mauziano, na sahihi yenu huaminiwa kwa kuwa mwajulikana kuwa watu wa kweli. Kwa hiyo swali hili si la wenye mali peke yao.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi mmoja jina lake Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya mambo yampasayo mwanadamu. Humo alieleza mabishano ya wenye hekima wawili waliomtangulia, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Alitoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mfanya biashara aliyeleta nafaka kutoka Iskanderia mpaka kisiwa cha Rodo wakati wa njaa. Njiani aliona majahazi mengine yakija nyuma yake na shehena kama yake. Je, awaambie watu wa Rodo, na bei ishuke? Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa? Mfano wa pili ni wa mwenye nyumba. Nyumba yake yaleta maradhi, nyoka huonekana vyumbani mote, na mbao zake ni mbovu. Wala hakuna ajuaye ila yeye mwenyewe. Je, aiuze pasipo kusema?

Diogenes alisema kwamba muuzaji aseme yale ambayo sheria ya nchi yamwamuru kusema, tena asidanganye. Zaidi ya hayo hana deni. Hakumlazimisha mtu kununua, na kunyamaza si sawasawa na kuficha. Antipater alijibu kwamba mtu hakuwekwa duniani kwa faida yake tu, bali kwa faida ya wenzake pia. Kukataa kumwonyesha njia aliyepotea ni vibaya. Lakini kumwacha mnunuzi aingie hasarani, nawe wajua, ni vibaya zaidi, kwa maana hapo wewe ndiwe umpotezaye. Cicero mwenyewe alikata shauri kwamba wote wawili, mwenye nafaka na mwenye nyumba, haikuwapasa kuficha.

Sisi twaona kwamba mifano hii miwili haifanani kabisa. Tukitaka kuipima katika mambo ya leo, na tutazame kwanza habari za biashara, halafu habari za nchi na maji.

Thamani ya nyumba haikai ndani ya kuta zake tu. Katika nchi ambazo watu hununua nyumba kwa mkopo, bei yafuata riba, na riba huamuliwa mbali na nyumba ile. Baada ya ugonjwa wa korona bei za vitu zilipanda sana duniani, na vita ya Ukraine iliyozidi mwaka 2022 ikaongeza moto. Ili kuzizuia, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwezi wa Machi 2022 hata kupita asilimia 5 mwaka 2023. Mkopo wa nyumba wa miaka 30, ambao mwaka 2021 riba yake ilikuwa karibu asilimia 3, ulifika karibu asilimia 8 mwezi wa Oktoba 2023. Tufanye hesabu. Aliyekopa dola 200,000 kwa asilimia 3 hulipa kama dola 843 kila mwezi. Kwa asilimia 8 hulipa kama dola 1,468. Nyumba ni ile ile, hakuna ufa ulioongezeka ukutani; walakini aliyeweza kuinunua jana leo haiwezi.

Je, muuzaji amwonye mnunuzi kwamba huenda riba ikabadilika? Hapa twaona Diogenes ana neno la kusikilizwa. Riba hutangazwa hadharani, na mwenye kutaka kujua aweza kuuliza. Majahazi ya Rodo hayakuonwa na mtu ila yule mfanya biashara. Lakini majahazi ya riba yaonwa na wote walio pwani. Muuzaji si mwalimu wa mnunuzi katika mambo ambayo wote wawili waweza kuyajua. Imempasa kutodanganya na kutoharakisha mtu, hayo yatosha. Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Lakini mwiba uliofukiwa njiani na mtu mwingine ni jambo jingine. Sasa tuitazame bahari.

Wataalamu wa mataifa wanaochunguza hali ya hewa walieleza mwaka 2021 kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Ni kwa sababu dunia yazidi joto: maji yenyewe hupanuka yakipata joto, na barafu za nchi kavu huyeyuka na kuingia baharini. Mtu akisikia sentimita 20 huona ni kitu kidogo. Lakini pwani ya mchanga iliyo tambarare, maji yakipanda kidogo tu, bahari yaingia mbali, na kila dhoruba yaanza kazi yake juu zaidi.

Katika jimbo la North Carolina, huko Marekani, viko visiwa vyembamba vya mchanga viitwavyo Outer Banks. Mwaka 1870 ulijengwa huko mnara wa taa wa Cape Hatteras, umbali wa futi 1,500 kutoka baharini. Mwaka 1970 zilibaki futi 120 hivi. Hata mwaka 1999 mnara wote ulinyanyuliwa, ukasukumwa pole pole futi 2,900, ukawekwa mahali pengine. Basi hakuna awezaye kusema kwamba watu wa huko hawakupewa ishara. Mchanga wa visiwa vile huhama kwa asili yake, na kupanda kwa bahari kwauongezea mwendo.

Mwaka 2010 wataalamu waliowekwa na tume ya pwani ya jimbo hilo walishauri kwamba watu wapange mambo yao wakitazamia bahari kupanda mita 1 kufika mwaka 2100. Ndipo palipotokea makelele makubwa. Wengine walisema hesabu hiyo haina hakika. Wengine walisema itaharibu bei ya viwanja na kuzuia ujenzi. Mwaka 2012 ilipitishwa sheria iliyoikataza tume ile kuweka kiwango cha kupanda kwa bahari kwa ajili ya kanuni zake kabla ya tarehe 1 Julai 2016, na kuamuru uchunguzi ufanywe upya. Bahari haikuisoma sheria hiyo. Katika kijiji cha Rodanthe, kwenye visiwa hivyo hivyo, nyumba mbili zilianguka baharini siku moja, tarehe 10 Mei 2022. Tangu mwaka 2020 nyumba zaidi ya kumi zimechukuliwa na maji katika pwani ile.

Twaomba msomaji apime neno hili. Si kwamba mtu mmoja alinyamaza. Ni kwamba iliamriwa kwa sheria kutohesabu. Diogenes alisema muuzaji aseme yale ambayo sheria yamwamuru. Lakini ikiwa wenye kuogopa hasara ndio washawishio sheria, mizani imewekwa mkononi mwa muuzaji. Kwa hiyo jibu la Diogenes halitoshi. Sheria ni sakafu ya haki, si dari yake.

Mahali pengine sheria imeanza kusema. Katika jimbo la Florida, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, muuzaji wa nyumba hana budi kumwarifu mnunuzi kama amewahi kudai fidia ya bima kwa ajili ya mafuriko. Ni jambo jema. Walakini sheria hiyo yauliza juu ya maji yaliyokwisha kuja, haiulizi juu ya maji yajayo. Wenye bima nao hutoa bima kwa mwaka mmoja mmoja, hali mkopo wa nyumba ni wa miaka 30. Mwenye bima akiona hatari imezidi, aweza kuondoka. Kampuni ya State Farm ilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba haipokei tena maombi mapya ya bima za nyumba katika California, pamoja na mengine kwa sababu ya hatari za moto na gharama za ujenzi. Mwenye fedha nyingi aona hatari na kuondoka mapema. Mwenye nyumba moja hubaki amefungwa nayo.

Yako masingizio mawili ambayo twataka kuyajibu kwa haki, kwani yote mawili yana uzito.

La kwanza lasema: Mimi si nabii. Sijui kama maji yatafika mwaka huu au baada ya miaka 50, niseme nini? Twajibu kwamba hakuna anayekutaka utabiri. Sema uliyoyaona na uliyoambiwa na wajuao: kwamba mwaka fulani maji yalifika dirishani, kwamba jirani amehama, kwamba bima imekataliwa, kwamba wapimaji wamepita na kutia alama. Na kipimo ni hiki: ikiwa jambo hilo ndilo linalokufanya wewe uuze, basi ni jambo lililo kubwa ya kutosha kumwambia anunuaye. Huwezi kuliona kuwa hakika ulipotaka kuondoka, kisha ukaliona kuwa shaka ulipotaka kunyamaza.

La pili ni zito zaidi. Mjane aliyetia akiba yake yote katika nyumba moja bondeni asema: Nikisema kweli, nyumba yangu haina bei, na watoto wangu hawana kitu. Ninyi mwaniambia niwe mwema, nami nitalala njaa. Neno hili si la kudharauliwa. Lakini tumwulize anayenunua ni nani. Tajiri hanunui bondeni bila kuuliza. Yeye ana wapimaji na mawakili. Anayenunua pasipo kuuliza, tena upesi, kwa sababu bei ni nafuu, mara nyingi ni mjane mwingine. Hasara haifi kwa kunyamaziwa. Huhama tu, na kila ihamapo huangukia mtu aliye dhaifu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo haiwezi kuwa halali mjane kujiokoa kwa kumzamisha mjane mwenzake.

Hata hivyo, tukimwambia hayo peke yake, tumemtwika mzigo nasi hatuugusi kwa kidole. Joto la dunia halikuletwa na mjane yule, wala si yeye aliyeruhusu bonde lijengwe. Hasara iliyoletwa na wengi haifai kubebwa na mmoja. Huko Rodanthe, mwaka 2023, idara ya serikali inayotunza pwani ile ilinunua nyumba mbili zilizokuwa karibu kuanguka, ikazibomoa, na ufuko ukawa wa watu wote. Ni nyumba mbili tu, lakini zaonyesha njia: ukweli husemwa, na hasara hugawanywa. Mahali ambapo hakuna anayegawana hasara, watu watajifunza kunyamaza; na wale wawahimizao kusema kweli wana deni la kuwasaidia wasemao.

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam; Mto Msimbazi ulifurika, maji yakaingia majumbani Jangwani na mahali pengine pa bonde, na watu zaidi ya 40 walikufa mjini. Baadhi ya waliopoteza makao walipewa viwanja Mabwepande. Tangu siku ile mafuriko yamerudi mara nyingi. Nao watu wanaohamia mijini hutafuta kiwanja cha bei nafuu, nacho mara nyingi kiko mahali ambapo maji hupita. Wakati wa kiangazi bonde ni kavu, majani yameota, watoto wachezea mpira hapo. Mgeni aoneshwa mipaka, ahesabu hatua zake, na fedha zatolewa mbele ya mashahidi.

Nanyi mashahidi, kalamu ikiwa mkononi, mwajua mto hupita wapi mwezi wa Aprili. Wengine husema, kazi yangu ni kushuhudia kwamba fedha zimehesabiwa. Mengine si yangu. Sisi twasema kwamba mnunuzi hakukuita uje kuhesabu noti, maana aweza kuzihesabu mwenyewe. Alikuita kwa sababu wewe u mwenyeji, naye akiona umetia sahihi, moyo wake watulia. Utulivu huo ndio unaouzwa hapo pamoja na kiwanja. Basi kabla ya kutia sahihi, uliza swali moja mbele ya wote wawili: Je, maji yamewahi kufika hapa, na yalifika wapi? Jibu liandikwe katika hati pamoja na bei. Muuzaji mwaminifu hatachukia, na mnunuzi aweza bado kununua, akijua anunualo. Pengine atalima mboga badala ya kujenga, au atajenga juu zaidi, au atatoa fedha kidogo. Kweli haikatazi kununua na kuuza. Yakataza tu mmoja kwenda nyumbani na fedha, na mwenzake kwenda nyumbani na mto.