Mlezi wa Chama ni wa Nani?

Neno "mlezi" tumelitwika vyama vya wanafunzi bila kulitafakari. Nyumbani mlezi hulisha, huonya, na siku ikiwadia humwachia mwana ajiendee. Shuleni mlezi huteuliwa na mkuu wa shule, hutia sahihi maombi ya fedha, na yakitokea maneno yasiyopendeza katika gazeti la ukutani, yeye ndiye aitwaye ofisini. Je, ni wa ofisi iliyomteua, au ni wa vijana wamwitao mlezi wao?

Niliwahi kulea chama cha Kiswahili katika shule moja ya bweni nchini Uganda. Wanafunzi hawakunichagua; jina langu lilisomwa katika kikao cha walimu, nami nikaitikia. Nilijibidiisha, na humo ndimo kosa langu lilimokuwa. Mashairi yao niliyasahihisha vina na mizani hata mtunzi asitambue alichotunga. Kijana mmoja alipotaka kuandika kwamba uji wetu wa asubuhi ulikuwa mwepesi kama chai, nilimvuta aandike juu ya faida za kilimo. Sikumkataza, la hasha, nilimshauri tu. Lakini ushauri wa mtu anayekusahihishia mitihani una uzito wa amri, na mwalimu asiyelitambua hilo anajidanganya nafsi yake. Nilipohamishwa, chama hakikumaliza muhula. Hakuna aliyejua kuandika kumbukumbu za mkutano, kwa kuwa miaka yote mwandishi nilikuwa mimi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona jambo tofauti. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, na mwenyekiti wao alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Walter Rodney, mhadhiri wa historia aliyetoka Guyana, alishirikiana nao kwa karibu, akabishana nao na kuandika katika jarida lao, Cheche, lililoanza Novemba 1969. Hata hivyo uongozi na uhariri ulikuwa wa wanafunzi wenyewe. Novemba 1970 chama na jarida vilipigwa marufuku. Mwaka 1971 vijana wa tawi la TANU chuoni walikuwa wakitoa jarida jingine, MajiMaji. (Siasa zao si hoja yangu hapa.)

Yuko atakayeteta kwamba vijana wakiachiwa watapotoka, na mshahara utakaokatwa si wao. Hoja hiyo siidharau. Mimi pia nina watoto wa kusomesha. Lakini naona uoga wetu tungeutamka mapema: hili nitawatetea ofisini, na lile sitaweza. Mwanafunzi akiyajua hayo ataamua mwenyewe kama aandike. Tunapouficha uoga ndani ya kalamu nyekundu ya usahihishaji, tunamfundisha kwamba wazo lake lilikuwa baya, kumbe lilikuwa la hatari kwetu tu.

Katika shule niliyohamia, wasichana wawili walinijia wenyewe. Hawakuuliza cheo changu. Waliuliza kama nina nafasi Jumatano jioni. Nikawauliza nani ataandika kumbukumbu. Mmoja akatoa daftari jipya, akasema ni yeye. Kisha wakaniuliza kama naruhusu mambo ya chakula yajadiliwe. Nikawaambia yajadiliwe, nami nitakwenda nao kwa mkuu wa shule, ila mazungumzo watayaanza wao. Walitazamana kidogo, kisha wakakubali.