Mshike Ndugu Yako Mkono

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu waumini, nauusia moyo wangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maneno ya leo yanawahusu wanaume, vijana kwa wazee, wa pwani yetu ya kusini, kuanzia Waa, Tiwi, Ukunda na Diani mpaka Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga. Kila tukimaliza swala tunapeana mikono. Mkono ule una haki zake, na haki hizo ndizo tuzizungumze.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 10, Mola wetu anatufundisha kwamba waumini ni ndugu, na papo hapo anatuamrisha tupatanishe baina ya ndugu zetu. Udugu umeteremshwa pamoja na kazi yake. Na Surat al-Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa, inatusimulia vijana waliomwamini Mola wao wakasimama mbele ya watu wao wakaikana batili. Nabii Ibrahim naye, alipovunja masanamu, watu wake walimtaja kuwa ni kijana tu. Wale wa pangoni walikuwa kundi, Ibrahim alikuwa peke yake, na wote walisimama.

Kutokana na mafunzo hayo wanavyuoni walijenga elimu nzima waliyoiita futuwwa, yaani uungwana wa mwanamume Mwislamu. Sheikh Abu Abdirrahman as-Sulami wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1021, aliiandikia kitabu. Humo utakuta mambo ya kumtanguliza mwenzako, kumsitiri, kumsamehe akiteleza, kumkirimu mgeni na kutojiona bora kuliko mtu. Msuli hauna nafasi humo, wala sauti ya kutisha watu nyumbani.

Uungwana huo aliushuhudia msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Baadaye, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alialikwa chakula na mtu mwenye nguo chakavu. Akamwonea huruma, akadhani hana uwezo. Kumbe ni fundi wa viatu, kiongozi wa vijana kama 200 wenye kazi mbalimbali. Mchana walichuma, alasiri walileta kwake walichopata, kikanunuliwa chakula, na msafiri yeyote akaingia akala. Asipokuja mgeni, walikula wenyewe pamoja. Wala hawakuishia kwenye chakula, kwani walijulikana pia kwa kuwapinga madhalimu. Hawakusubiri tajiri wala mheshimiwa. Basi nasi tunao mafundi, wavuvi, wagema na vijana wa bodaboda. Tumeshindwa nini?

Walioanza haya ni masahaba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwaunganisha udugu Muhajirina, waliohama kutoka Makka, na Ansari, wenyeji wa Madina. Abdurrahman bin Auf, aliyeacha mali yake Makka, alipewa Saad bin ar-Rabi' awe ndugu yake. Saad akamwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo tu. Akaenda akachuuza jibini na samli, mpaka akajitegemea. Mmoja hakufanya ubahili, na mwingine hakugeuka kupe.

Hapa Diani masika yakianza wageni hupungua, na vijana wa hoteli wengi hurudishwa nyumbani. Huyu aliyesimama nawe safu moja unajua kama kazi yake ipo bado? Unajua kama jana alikopa kwenye simu, mkopo wenye riba, ili watoto wapate unga wa sima? Mkopeshe bila ya faida. Ikiwa huna, mwonyeshe soko, umpeleke kwa fundi unayemjua, umjulishe kwa mwenye chombo. Nawe uliyekopeshwa, lipa. Usije ukabadilisha njia ya msikitini kwa kumkwepa aliyekusitiri.

Kushikana mkono pia ni kuambiana ukweli. Salman al-Farisi alimzuru ndugu yake Abu Dardaa akamkuta mkewe hajijali, kwa kuwa mumewe ameshughulika na ibada tu, kufunga mchana na kusali usiku. Salman hakumsifu kwa uchamungu wake. Alimfanya afungue, akamlaza, mpaka mwisho wa usiku wakasali pamoja, kisha akamkumbusha kwamba Mola ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki. Habari zilipomfikia Mtume, akasema Salman amesema kweli. Ikiwa Abu Dardaa alizuiwa kwa sababu ya ibada iliyopita kiasi, vipi mwenzetu ambaye mkewe hamwoni kwa sababu ya baraza na muguka? Twamcheka, twamwagizia kahawa nyingine!

Ndugu zangu, Mtume alituamuru tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa, na akiwa yeye ndiye dhalimu. Masahaba walistaajabu, wakauliza dhalimu husaidiwaje. Akawafundisha kwamba kumzuia asidhulumu ndiko kumsaidia. Hapa ndipo udugu unapojulikana, maana kumpa ndugu sahani ya pilau ni jambo jepesi.

Sisi watu wa Kwale tuna somo letu la karibu. Mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi mkuu, vijana wetu walikusanywa katika msitu wa Kaya Bombo, wakala kiapo, wakafunzwa kupigana, wakaahidiwa ardhi na kazi. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Fujo zikashuka mpaka huku kwetu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na maelfu ya jirani zetu waliotoka bara wakakimbia na walichokishika mkononi. Kisha vijana na wazee wetu wenyewe wakakamatwa na kuteswa. Uchaguzi ukafanyika Desemba, ukapita, na ardhi iliyoahidiwa haikuonekana.

Malalamiko ya ardhi yalikuwa na yangali na ukweli wake. Lakini damu ya muuza mboga wa Ukunda haikuwa hati ya shamba la mtu. Kiapo kilikuwapo, siri ilikuwapo, umoja ulikuwapo. Umoja wa kumdhulumu jirani si udugu wa Kiislamu, hata ukisomewa dua.

Mtume alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa mahali pao wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Mvuvi wa Gazi au Wasini hahitaji kufafanuliwa hilo.

Basi tuangalie ni nani leo ana patasi mkononi. Yuko anayewauzia watoto wetu unga wa kulevya, nasi twamjua kwa jina la baba yake. Yuko anayewanong'oneza vijana kwamba jihadi ni kuvuka mpaka kwenda kuua, ilhali mama zao wanalia mpaka leo. Yuko kaka aliyeuza kiwanja cha marehemu baba yao karibu na bahari, na dada zake wakapata habari kwa dalali. Aya ya 7 ya Surat an-Nisaa imewapa wanawake fungu lao, liwe dogo au kubwa. Huyo kaka yumo safu ya mbele, na wengine wetu tulikuwa mashahidi wa mauzo.

Mwendee. Usianze kwa kipaza sauti wala kwa kundi la simu; nenda nyumbani kwake baada ya isha, na mzee mmoja anayemheshimu. Mwambie kwa upole, na akikasirika rudi tena. Na aliyezama katika unga asifukuzwe msikitini, atafutiwe matibabu, aendewe kila siku. Dhuluma ikiendelea, haki ipelekwe kwa kadhi na kwa serikali, wala tusimtie ndugu yetu kitanzi kwa kumfichia.

Kila mmoja wetu, kabla ya Ijumaa ijayo, achague ndugu mmoja wa kumwinua na ndugu mmoja wa kumzuia. Na akubali kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye anayestahiki kuzuiwa.

Ewe Mola wetu, tuunganishe nyoyo zetu katika haki, wala usituunganishe katika dhuluma. Warehemu waliouawa bila ya hatia katika pwani hii, wahifadhi vijana wetu, walipie wenye madeni madeni yao, na utupe ndugu watakaotushika mkono tunapokosea. Amin.